Mgonjwa wa Upande wa Mifugo

"Mama, hapa ni ofisi ya mifugo," mlinzi alisema bila kuinuka kwenye stuli yake. "Zahanati ni jengo linalofuata."

"Zahanati naijua," alijibu Bi Kengele. "Nimekwenda huko mpaka paka wao amenizoea."

"Haya, mfugo wako uko wapi?"

Bi Kengele akamsogeza mbele mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, binti mrefu aliyejifunika kanga mbili juani na bado anatetemeka. Tumbo lilikuwa limemtangulia.

"Huyu hapa."

Mlinzi akamtazama binti, akalitazama tumbo, kisha akageuza uso haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa makosa. Amri aliyopewa ni kuwazuia wasio na wanyama. Ya kubishana na mjamzito mwenye homa mbele ya mama mkwe wake hakupewa. Alipomaliza kufikiri, wanawake wale walikwisha kupita.

Jina la Bi Kengele, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na kengele alizowavisha mbuzi wake. Majirani walikuwa na maelezo mengine, yaliyohusu ulimi. Hata hivyo wote waliafikiana kwamba maziwa yake ni mazuri, na muuza chai wa njia panda hakutaka ya mtu mwingine.

Msimu uliopita mbuzi wale walianza kutupa mimba. Huyu leo, yule kesho kutwa, vitoto vinatoka vimekwisha kufa. Mkwe ndiye aliyekuwa na vidole vyembamba, basi yeye ndiye aliyeingiza mkono, akavuta, akafuta, akazika. Bwana Mifugo alikuja na mabuti ya mpira, glavu za kufika kwenye viwiko na barakoa iliyombakiza macho tu. Akatoa damu ya kila mbuzi, akaenda zake. Aliporudi alikuwa na kopo la rangi nyekundu. Akawapaka pembe wale aliowataka.

"Wana kaugonjwa," alisema. "Wasiuzwe, wasitoke zizini, na maziwa yasiende sokoni."

Akapanda pikipiki.

Bi Kengele alihuzunika siku mbili hivi, kisha akaona mambo yana upande wa pili. Mkwe alikuwa ndiyo kwanza ameshika mimba, na maziwa yote sasa yamebaki nyumbani. Kila asubuhi alimkamulia kikombe na kumsimamia mpaka kitako cha kikombe kionekane. Mabichi, yana joto la mbuzi mwenyewe. Maziwa yaliyochemshwa, kwa Bi Kengele, yalikuwa maiti ya maziwa. Binti akikunja uso alinuniwa mpaka jioni.

Kisha ikaja homa. Iliingia jua likizama, ikalowesha shuka, asubuhi ikaaga kama mgeni mwenye adabu, jioni ikarudi. Magoti ya binti yakawa ya kikongwe. Kule zahanati Tabibu, kijana msafi mwenye kalamu nne mfukoni, alimpima malaria, hakuiona, akampa dawa ya malaria. Safari ya pili alisema ni uchovu wa mimba. Ya tatu akamshauri apunguze wasiwasi.

"Wasiwasi gani unaolowesha godoro?" Bi Kengele alimuuliza. Tabibu akaita mgonjwa mwingine.

Alfajiri hii mkwe alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mtoto amekuwa mvivu. Tangu jana hachezi sawasawa." Alikuwa amelala ubavu, shingo ameinyoosha, anahema kwa mdomo. Bi Kengele alimtazama. Hivyo ndivyo walivyolala mbuzi wake kabla ya kutupa. Hakujua hiyo maana yake nini. Alijua tu kwamba mbuzi walipata mtu wa kuwapima akapata jibu, na mtu huyo ana ofisi.

Bwana Mifugo alikuwa anatafuna karanga.

"Mpime," Bi Kengele alisema.

"Mama, mimi natibu wanyama."

"Basi mfanye mnyama. Mbuzi wangu uliwapima mara moja ukajua. Huyu kapimwa mpaka vidole vimeota matundu, hawajaona kitu."

"Siruhusiwi hata kumgusa. Nitafukuzwa kazi." Akamtazama yule binti vizuri zaidi, na taya zikaacha kutafuna. "Wale mbuzi waliotupa, nani aliwahudumia?"

"Mimi," mkwe alisema.

"Kwa glavu?"

"Kwa mikono aliyozaliwa nayo," Bi Kengele alidakia.

"Na maziwa?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mnachemsha?"

Mkwe akamtazama mama mkwe wake. Akazisukuma karanga pembeni.

"Ni ugonjwa wa kutupa mimba, mama. Unaingia na kwa watu. Kwa maziwa mabichi, kwa yale majimaji ya kuzalia."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya rangi."

"Siku ile uliponiambia wasiuzwe."

"Ili usisambae. Niliwaarifu wakubwa wangu, na wao ndio wa kuwaarifu watu wa afya. Binadamu si idara yetu."

Bi Kengele alikaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa.

"Usisambae kwa nani?" aliuliza polepole. "Mnunuzi wa mnadani, ambaye hata humjui, ukamkinga. Mnywa chai wa njia panda ukamkinga. Sisi tunaolala ukuta mmoja na zizi, ukatuachia maziwa yote. Ulisimama uani kwangu umevaa mpaka mdomo. Ungeushusha ule mdomo kidogo tu, useme neno moja, chemsheni. Lingekupunguzia mshahara?"

Bwana Mifugo alitazama mabuti yake.

"Kumbe mbuzi wana bahati," mkwe alisema. "Wao walipakwa hata rangi."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana ikawa vigumu kuvumilia. Bi Kengele alivitazama viganja vyake, vile vilivyokuwa vikimpelekea kikombe.

"Na mimi nilikuwa nakununia," alimwambia.

"Yalikuwa matamu, mama."

Bi Kengele akasimama, akamshika Bwana Mifugo mkono wa shati. "Twende. Hilo uliloniambia mimi, mwambie na mwenzako."

Foleni ya zahanati iliwapisha, maana mabuti yenye samadi hupishwa hata na wagonjwa. Mtu mmoja akauliza kama siku hizi kuna chanjo ya kupe. Tabibu na Bwana Mifugo walikuwa wakinywa chai kibanda kimoja kila siku, wakibishana mpira mpaka vikombe vinapoa. Leo Tabibu alisikiliza, akaiweka kalamu mezani.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuuliza anafuga nini?"

"Nani anauliza mjamzito anafuga nini?"

"Ningekuandikia, lakini utaratibu..."

"Wanangu," Bi Kengele alisema, na neno hilo kinywani mwake halikuwa la upendo, "mtaugawana huo utaratibu kwenye chai. Huyu mtoto tumboni hajui idara yake ni ipi. Nani kati yenu anamtaka?"

Tabibu akafunga mlango. Alitoa damu, akasema itapelekwa hospitali kubwa leo hii na dawa zitaanza bila kungoja jibu, dawa za wiki nyingi. Bwana Mifugo akasema ataipeleka damu hiyo yeye mwenyewe, kwa pikipiki yake. Hakuna aliyemshukuru.

"Na mtoto?" mkwe aliuliza.

Tabibu alimlaza kitandani, akafunua tumbo, akachukua kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka upande wa kushoto na kuinamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena, chini kidogo. Bwana Mifugo alivua kofia yake mlangoni.

Mkwe alikuwa ameshika kidole cha Bi Kengele, kimoja tu, kama mtoto anavyoshika. Nje mtu alikohoa, ndoo ikaburuzwa sakafuni. Tabibu alifumba macho, na bila kuinua kichwa akanyoosha mkono wake hewani, kuwaomba wote wasipumue.

Bi Kengele akaacha kupumua.