Kitu Kinachoonekana

Chama chetu cha akina mama wanane hapa Crescent Town, huku ughaibuni, kina sheria moja ambayo Valerie, mwenyekiti wetu, anaipenda kuliko wanawe: pesa ya mzunguko inunue kitu kinachoonekana. Zamu yako ikifika unasimama, unataja utakachonunua, na baada ya miezi mitatu wenzako wanakuja kwako kukiona, kula pilau na kupiga picha. Tumeshapiga picha na makochi, na friji, hata na cherehani.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Yangu ni ya therapist, mshauri wa kunitibu hofu."



Mume wangu, Elkana, alifia kwenye lifti ya jengo letu. Moyo ulimbana tukishuka kwenda hospitali, lifti ikakwama, nikakaa naye humo dakika arobaini. Tangu siku hiyo sikuingia tena lifti, na ninakaa ghorofa ya kumi na saba. Nilikuwa nikipanda kwa miguu na mifuko ya unga mikononi. Hilo ningelivumilia. Lakini ninahudumia wazee kwenye makao yenye ghorofa nne, na meneja alishaniandikia barua: mhudumu asiyeingia lifti hawezi kusukuma kiti cha mgonjwa. Alinipa miezi minne.

Bima ya kazini inalipia washauri walio kwenye orodha yake tu. Kutoka kwenye orodha hiyo nilipewa kijana mmoja mpole wa kwenye simu, Kiingereza kitupu. Kiingereza nafanyia kazi, kulia nacho siwezi. Kulsum, mshauri wa kutoka Tanga anayenisikiliza kwa Kiswahili, ofisi yake Don Mills, hayumo kwenye orodha. Kwake saa moja ni dola mia na sitini, za mfukoni mwako. Nilikwenda mara nne, akiba ikaisha. Mara ya nne niliweza kusimama mbele ya lifti iliyo wazi bila kutapika. Nilirudi nyumbani na hasira, maana dawa yangu nilikuwa nimeiona na hela ya kuinunua sina.

"Mia na sitini ya kuongea tu?" Valerie akauliza. "Si uje maombi ya Jumatano, hayo ni free."

"Nakuja kila Jumatano, Valerie. Mungu ananisikia vizuri sana. Ni lifti ndiyo imenishinda."

Mumbi, mweka hazina, alikuwa ameshikilia bahasha mapajani. Akasema polepole, "Lakini Gakii, sheria ni sheria. Sasa sisi tutakuja kuona nini?"

Hapo nikawaka. "Elkana alipokufa mlichanga kwa siku tano tu pesa za kumsafirisha nyumbani. Hakuna aliyeuliza ataona nini! Mimi nikianguka kwenye zile ngazi leo, mtachanga tena kufikia Ijumaa, na sare za mazishi mtashona. Basi nipeni zangu nikiwa hai. Na mje. Mtaona."

Mumbi alimtazama Valerie. Valerie akatazama dari. Mumbi akanipa bahasha.

Baada ya miezi mitatu walikuja wote, Jumamosi mchana, na masufuria yao. Niliwangoja chini, mbele ya lifti. Mlango ulipofunguka niliingia kwanza mimi, nikaegemeza mgongo ukutani kama Kulsum alivyonifundisha.

"Ingieni," nikawaambia.

Wakabanana ndani. Nikabonyeza nne. Mumbi akanishika mkono, jasho langu likamlowesha. Mbili. Tatu. Nne. Mlango ukafunguka, nikatoka.

"Mbona huku?" Valerie akauliza. "Si unakaa kumi na saba?"

"Pesa yenu imefika hapa," nikasema. "Kazini ghorofa ni nne, na kazi yangu bado ninayo. Huko juu nitafika, zamu yangu irudi isirudi. Leo mimi napanda kwa ngazi. Anayetaka lifti aendelee nayo, sitamnunia. Ila pigeni picha kwanza."

Valerie alitoa simu, akanipiga picha nimesimama kando ya ule mlango, uso umelowa jasho. Akaitazama kwa muda. Kisha akavua viatu vyake vya visigino, akavishika mkononi, akasukuma mlango wa ngazi kwa bega.

"Ghorofa kumi na tatu," akanung'unika. "Na hizi sufuria zote. Haya, Gakii, tangulia."