Siki kwenye Marumaru

Juu ya nguzo bustanini imekaa sanamu ya mshairi Anselme Courtiade na ndevu zake. Chini, miguuni pake, mwanamke wa marumaru anamnyooshea ua, kifua wazi. Mji mzima ulimwita Ilhamu. Ghislaine, mtunza bustani wa manispaa, alimwita bibi, kwa sababu ni bibi yake kweli: Célestine, dobi wa mtoni, aliyesimama mbele ya mchongaji kwa ujira kiangazi kizima, achongwe, apate kulisha wanawe. Picha nyingine yake haikuwepo popote.

Kila mwaka, kabla ya bakalorea, mtihani wa kumaliza sekondari, wanafunzi walikuja kumpapasa titi la kushoto wapate bahati. Baba zao walifanya hivyo hivyo. Titi likawa jeusi, likang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mwaka huu Ghislaine aliwakuta wawili wakijipiga picha, wakicheka. Akaenda nyumbani, akarudi na siki nyeupe, ile ile anayosafishia mabomba na vioo. Akasugua kifua. Hasira zikampeleka, akasugua na uso.

Siki ikala jiwe. Weusi ulipungua, ila mng'ao nao ukaondoka, na uso wa Célestine ukabaki umefifia, una chengachenga kama chokaa.

Mkahawani wakamuuliza kama alisahau haradali na mafuta, saladi ikamilike. Alipopita bustanini alitazama chini.

Meya Lacaze akamwita mbele ya madiwani. Alisema kwa upole kwamba akiomba radhi hadharani kazi yake itabaki. Asipoomba, basi tena. Akaongeza kuwa ile ni mila tu ya vijana, na lile ni jiwe.

"Kama ni jiwe, nimwombe nani radhi?"

"Mji, Ghislaine. Usijitie ukaidi, mama. Neno moja tu, twende tukale."

"Wewe ulimshika mwaka gani, Bwana Meya?"

Diwani mmoja akakohoa kuficha kicheko. Meya akaiva uso.

"Sote tulimshika. Tulikuwa watoto."

Ghislaine aliuona tena akilini ule uso uliolika, kazi ya mikono yake mwenyewe. Akatoa funguo za bustani mfukoni, akaziweka mezani.

"Bibi yangu nimemuumiza, na hayo nitayamaliza naye mwenyewe. Ninyi siwaombi radhi."