Chokaa ya Ushahidi

Siku mbili kabla ya sikukuu ya Herdelezi, Rusalina alifungua mlango akakuta ukuta wake umeandikwa kwa rangi nyeusi: WAROMA, TUTAWACHOMA. Asenka, jirani wa mlango wa pili na mama wa ubatizo wa mwanawe, alisimama naye akasoma, kisha akasonya.

"Watu wazima, mwandiko wa chekechea! Nenda polisi, somo. Mimi ndiye shahidi wako."

Rusalina akaenda. Polisi walisema watakuja, wasije. Ikawa kesho ni Herdelezi, na katika mtaa wa Waroma, wanaoitwa pia Wajipsi, mjini Sliven, Bulgaria, hakuna mwanamke anayemchinjia Mtakatifu Georgi mwanakondoo mbele ya ukuta mchafu. Akakoroga chokaa akapaka, kama mama yake alivyopaka kila mwaka. Polisi walifika baada ya sikukuu, wakaukuta ukuta mweupe pee. Wakamshtaki yeye, kwa kutoa taarifa ya uongo ya uhalifu wa chuki.

Mahakamani Asenka hakumtazama. Mkwe wa Asenka alikuwa ameajiriwa manispaa majuzi tu, na kuna mtu alipita nyumbani kwa Asenka kumkumbusha hilo kwa upole.

"Uliona maandishi?" aliuliza hakimu.

"Sikuona kitu. Ukuta ulikuwa mweupe," alisema Asenka, na chokaa ikamtoka kinywani ikatiririka mpaka mezani. Karani akainua mafaili yasilowe. Hakimu akamtaka arudie kwa sauti, naye akarudia, ikamwagika nyingine. Ushahidi ukapokelewa.

Rusalina alipewa kifungo cha nje, na onyo: akiripoti tena uongo ataingia ndani, na mtoto atalelewa na serikali. Lakini kilichomuuma hasa ni kwamba Asenka alimwomba kitambaa cha kujifutia mdomo, naye kwa mazoea akampa.

Mwaka uliofuata wanawake wa mtaa hawakununua chokaa. Walikwenda na ndoo kwa Asenka, wakamuuliza habari za ukuta ule, naye akawajibu. Ilikuwa chokaa nzuri, haichuji.

Siku mbili kabla ya sikukuu, maandishi yalirudi. Rusalina aliyasoma, akamwingiza mtoto ndani, akachukua ndoo mbili, akagonga mlango wa pili.

"Karibu, somo. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Ukutani kwangu leo umeona nini?"

Asenka alichungulia dirishani, akasoma. Machozi yakamlengalenga.

"Sijaona kitu," alisema, na ndoo ikajaa.

"Sema tena," Rusalina alimwambia, akisogeza ndoo ya pili. "Safari hii wameandika mpaka mlangoni."