Nasaha Zangu Sokoni Kibaigwa

Mpaka leo wapo watu hapa Nkuhungu wanaosema nilimdhalilisha mume wangu. Waseme wachoke. Mimi niliombwa kumpa binti yangu nasaha siku ya harusi yake, nikampa.

Harusi ya Paulina tuliifanya mwaka ule CD zilipoanza kutembezwa barabarani pamoja na karanga. Niliyoyasema ukumbini ni yale yale akina mama huambiana kwenye kitchen party, wanaume wakiwa mbali. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi, wakwe wamekaa mbele yangu, na Kefa mpiga picha anarekodi. Nilimwambia mwanangu mume akikoroma asimwamshe, amgeuze tu ubavu, kama ninavyomgeuza baba yake. Nikamwambia mume akilalamikia mlenda amwachie sufuria aondoke, akirudi atamkuta anaikwangua, kama baba yake. Watu walicheka mpaka mchungaji akavua miwani. Bartolomayo, mume wangu, mzee wa kanisa, alisimama nikiwa bado naendelea, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakunisemesha.

Hilo peke yake ningelivumilia. Lakini kuna mtu alikata kipande cha nasaha zangu kwenye video ya harusi, akakichoma kwenye CD, akaanza kukiuza Kibaigwa sokoni. Nikienda kununua mahindi, wapagazi wanashusha magunia waniulize kama mzee nimemgeuza ubavu. Bartolomayo akaacha hata kwenda kwenye vikao vya kanisa. Nyumba ilikuwa kimya, nikawa natamani hata anigombeze. Nikajiambia CD hizi zikiisha sokoni, aibu itamtoka na mume wangu ataongea nami tena.

Nikamfuata Bwana Wambura, afisa wa hakimiliki, nikiwa na Kefa. Kefa alilalamika kwa uchungu kwamba wezi wamekula jasho lake. Wambura akamuuliza ule muziki aliouweka kwenye video ya harusi aliupata kwa nani. Kefa akajibu kwamba ule ni wa redioni tu, kisha hakulalamika tena.

Tulikwenda Kibaigwa na askari wawili. Muuzaji, kijana anayeitwa Shaaban, hakukana. Aliponiona aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, akanipongeza kwa kazi nzuri. Alisema yeye angeshaacha kuichoma, ila soko halimwachi: kila akileta mzigo mpya, anakuja mzee mmoja anaufagia wote. Hata leo ameshaufagia, na bado yuko pale kituoni anasubiri gari.

Wambura alifurahi sana, maana alikuwa anamtafuta siku nyingi mfanyabiashara wa jumla. Askari wakamkamata mzee akiwa amekalia gunia lake. Alikuwa Bartolomayo wangu.

Kwenye kituo cha polisi alijieleza kwamba hauzi, ananunua akazifukie shambani kwake Makutupora, kwenye mizabibu, zisionekane tena. Askari wakacheka. Walisema hawajawahi kukamata mtu na gunia la CD akakubali kwamba ni mfanyabiashara. Wambura, ambaye ana huruma kidogo, akasema ataamini kama mzee atathibitisha kwamba yeye ndiye anayesemwa humo ndani, kwa hiyo ana sababu ya kuzificha. Ikaletwa televisheni na deki, CD ikawekwa.

"Mzee," Wambura akamuuliza, "ni kweli unakoroma?"

Bartolomayo aliangalia dari. "Nakoroma."

"Na sufuria ya mlenda?"

"Naikwangua."

Askari mmoja alitoka nje kwenda kumalizia kicheko. Wambura akasema inatosha, mzee yuko huru, lakini hakuna aliyekumbuka kuizima ile deki. Ikaendelea mpaka pale ambapo Bartolomayo alikuwa ameshatoka ukumbini, na kumbe katika magunia yote aliyonunua hakuwahi kuicheza hata CD moja.

"Lakini Paulina," nilikuwa nasema kwenye televisheni, "ukipata mume ambaye hajawahi kukuinulia mkono, na ukiugua anakuogesha mwenyewe bila kuona aibu, basi mlenda wake unyamazie. Mimi nikiambiwa nichague tena, namchagua huyu huyu."

Bartolomayo alibaki ameikodolea macho ile televisheni. Halafu akaomba, kwa sauti ya chini, apewe CD moja tu aende nayo nyumbani.

Wambura akakataa. Alisema zote zitateketezwa, na kwamba maneno ya mtu hayatolewi kopi bila ruhusa ya aliyeyasema.

Mume wangu akanigeukia. "Mama Paulina, unaniruhusu?"

Machozi yalinilenga, kwa jinsi nilivyoikosa sauti ile. Ila na mimi nilikuwa nimenuniwa vya kutosha. Nikamwambia kopi sitoi. Akitaka kuyasikia tena, aliyeyasema analala naye kitanda kimoja, na kinywa cha kumuuliza anacho.