Kanga wa Mfupa kwenye Shingo ya Besi

Muthama alikuwa na mikono ya ajabu na roho yenye kutu. Mikono yake kila mtu katika mtaa wa Tena, Nairobi, aliijua. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, alikurudishia ukashindwa kujua ni mguu upi uliokuwa umevunjika. Roho ndiyo hawakuijua, maana alikuwa mpole wa salamu, Mkristo wa safu ya pili kanisani, mtu wa kufumba macho mpaka maombi yaishe kabisa. Watu wa namna hiyo waogope.

Kilichomla moyo kilikuwa kitu kimoja tu: besi ya kanisa, lile gita la sauti nzito. Mwanawe Mumo, kijana wa miaka ishirini na kitu, tangu amalize shule alikuwa akibeba spika, akikunja nyaya na kufunika ngoma kwa shuka ibada ikiisha. Besi aliipiga nyumbani, kwa gita la kuazima, na aliipiga vizuri kiasi kwamba majirani walizima redio ili wamsikilize. Lakini kanisani besi ilikuwa ya Walter Owiti, mstaafu wa reli, na Owiti hakumwachia mtu. Muthama aliwahi kumwendea kumwomba amruhusu Mumo japo wimbo mmoja. Owiti alicheka mbele ya kwaya nzima, akasema mikono ya kijana yule ni ya kufunga mbuzi, si ya kushika nyuzi. Watu wakacheka. Mumo naye akacheka, kwa sababu alimpenda yule mzee na kumwita mwalimu. Muthama hakucheka, wala hakusahau.

Sasa sikia jinsi mtu anavyoletewa kisasi mpaka mlangoni, bila hata kukitafuta.

Asubuhi moja Owiti aliingia kwenye karakana ya Muthama, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, amebeba gita lake lenye shingo iliyopinda. Akafunga mlango nyuma yake.

"Baba Mumo," alisema, kwa sauti ya juu mno, "nataka unichongee shingo mpya. Na unipachikie nakshi. Kubwa, nyeupe, nizione nikiwa nimesimama."

"Nakshi za nini, Mzee? Si vidoti tu vinatosha?"

Owiti hakumtazama machoni, alimtazama mdomoni. Kisha akaketi kwenye benchi katikati ya maranda, akasema yaliyomleta. Masikio yalikuwa yamekwisha. Ngoma aliisikia kifuani, lakini noti hakuisikia tena, iwe ya kwake au ya mwingine. Alikuwa akipiga kwa macho. Aliangalia alama kwenye shingo, akajua vidole viko wapi, akaenda hivyo hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Hata mke wangu Aoko hajui ni mbaya kiasi gani," alisema. "Nakwambia wewe kwa sababu wewe ni fundi. Nakuomba, ibaki hapa hapa."

"Itabaki hapa, Mzee," Muthama akasema, na moyo ukamruka kwa furaha.

Shingo ya besi imekatizwa na vyuma vyembamba ambavyo wapigaji huviita freti, na kati ya freti na freti kuna chumba. Kidole kikikaa chumba chake, sauti inatoka yake. Kikihamia chumba cha jirani, inatoka sauti ya kumtoa mbwa kwenye mfupa. Ndiyo maana vyumba fulani huwekewa alama, na alama hizo mahali pake panajulikana na mpigaji yeyote, awe wa Nairobi au wa Ulaya. Muthama alijua hayo. Alikuwa ameshatengeneza magita ya kutosha.

Kwanza alimtuma Mumo mashambani, Mbooni, akamwangalie nyanya yake. Hakutaka macho mengine karakanani. Kisha akaanza kazi, na kazi yenyewe, tumpe haki yake, ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alichukua mbao za mlango wa mvule alioununua soko la Gikomba, mlango uliokauka miaka na miaka ukifunguliwa na kufungwa na watu waliokwisha kufa. Alichonga mgongo wa shingo kwa randa, kisha kwa tupa, kisha kwa msasa, akifumba macho na kupitisha kiganja mpaka kiganja kikakosa la kulalamikia. Juu akabandika ubao wa mpingo, mweusi tititi. Mfupa wa mguu wa ng'ombe aliupata buchani, akauchemsha mpaka mafuta yote yakatoka, akauanika juu ya mabati ukawa mweupe. Kutoka kwenye mfupa ule akakata kanga kwa msumeno mwembamba kama uzi, kila kanga na mwendo wake: huyu anadonoa, huyu anakimbia, huyu amegeuza shingo kutazama nyuma. Madoadoa yao aliyatoboa kwa ncha ya sindano na kuyajaza vumbi la mpingo lililochanganywa na gundi. Ungewaona, ungetaka kuwatupia mahindi.

Halafu akachukua penseli aandike mahali pa kuwapachika. Aliandika mahali sahihi. Akasimama, akatazama. Akaifuta ile penseli kwa kidole gumba, akaandika upya, kila kanga chumba kimoja mbele ya chumba chake. Hata vidoti vidogo vya ubavuni, vile mpigaji anavyoviona akiinamisha kichwa, navyo akavisogeza.

Na tazama uovu ulivyo na adabu zake! Freti aliziweka sawasawa kabisa, bila kosa la unywele. Shingo aliinyoosha ikanyooka. Hakutaka mtu aje aseme Muthama hajui kazi. Alitaka Owiti ndiye aonekane hajui.

Owiti alipokuja kuichukua, alishika shingo kwa mikono miwili na machozi yakamlengalenga.

"Aweno!" alisema. "Kwetu tunawaita aweno. Nyanya yangu alikuwa akiwafukuza shambani kwa mawe."

Alipiga kidogo pale pale kwenye benchi, macho yakiwa kwa ndege. Mkono wake ulisita. "Naona kama pako mbali kidogo, Baba Mumo."

"Ni shingo mpya, Mzee. Utaizoea."

"Kwa hivyo iko sawa?"

"Iko sawa."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Mumo alikuwa amerudi, na kama kawaida yake alikuwa chini ya jukwaa akichomeka nyaya. Wimbo ulikuwa wa kuanzwa na besi peke yake, juu kabisa ya shingo, kwa ule mwendo wa benga unaofanya hata wazee watikise mabega. Owiti akainamisha kichwa, akamtafuta kanga wake, akaanza.

Mama yangu! Kinanda kilipoingia, Kathini aliyekuwa akikipiga aliondoa mikono kana kwamba kimemuunguza. Kwaya ikaimba mstari mmoja ikapotea. Vijana wa nyuma wakaanza kuchekea mikononi, na mmoja akainua simu arekodi. Mpiga ngoma peke yake ndiye aliyebaki, akigonga kwa sababu hakujua la kufanya. Na Owiti akaendelea, uso umemng'aa, akipiga kila noti kando ya mahali pake, kwa ustadi mkubwa, bila kusita hata mara moja. Wanawake waliomjua miaka mingi walianza kulia. Aoko alijiziba mdomo kwa leso.

Muthama je? Alifurahi. Tusimpambe. Alikaa safu ya pili na utamu ukamshuka kooni, akahesabu kwamba wiki ijayo mahali pale atasimama Mumo.

Owiti alimaliza, akainua kichwa, akaona machozi. Akachukua maikrofoni.

"Ndugu zangu," alisema kwa ile sauti yake kubwa, "leo nilikuja kuwaaga. Sikuwaambia. Niliagiza shingo hii ili nipige mara ya mwisho, kisha gita hili nimpe Mumo. Nilitaka akabidhiwe kazi ya mikono ya baba yake. Ni yeye niliyemchagua, tangu zamani." Akajifuta uso. "Lakini mnalia! Sijawahi kuwaona mkilia hivi. Sasa sijui. Mumo, wewe huwezi kunidanganya. Nimepiga vipi? Niache, ama niendelee?"

Kanisa zima likamgeukia Mumo. Kijana alikuwa amepanda jukwaani kuchomoa waya wa gita, na macho yake yalikuwa kwenye shingo. Kidole chake kilipita polepole kutoka kichwani pa gita, chumba kwa chumba, mpaka kwa kanga wa kwanza, kikasimama. Kisha akamtazama baba yake kule safu ya pili.

Mumo akamgeukia mzee.

"Umepiga vizuri, mwalimu," alisema. "Usiache."

Walipofika nyumbani Muthama ndiye aliyeanza kufoka. "Una wazimu? Ilikuwa yako! Amekupa mbele ya kanisa, wewe unamwambia aendelee?"

"Ningemwambia nini, Baba? Kwamba ameharibu? Hajaharibu. Amepiga kila kitu pale ulipomwonyesha apige." Mumo alikuwa akitia nguo kwenye begi. "Nenda umwambie. Ni neno moja tu. Ukimwambia, nitarudi."

"Nimwambie nini?"

Mumo akafunga zipu, akaenda kukaa kwa rafiki yake, mtaa wa Donholm.

Wazee wa kanisa nao, waliokwisha kutambua Jumapili ile kwamba Owiti hasikii, walikutana. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia Owiti, na Aoko aliwasihi akisema mzee akinyang'anywa gita atakufa kabla ya mwaka kuisha. Basi wakapata njia yao, na wakaiita upendo. Gita la Owiti litaunganishwa na waya usiofika popote. Nyuma ya pazia la kwaya atakaa mtu mwingine na besi nyingine, na hiyo ndiyo itakayosikika. Mumo akasema atakaa yeye.

Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila Jumapili Owiti anasimama mbele, amevaa suti, kanga wanang'aa, vidole vinakimbia, wala hakitoki kitu. Besi ya Mumo inatoka kwenye spika iliyo nyuma ya mzee, inamtetemesha kifuani, naye anadhani ni yake. Na Mumo anapiga! Muthama hajawahi kusikia besi ikipigwa hivyo. Wageni wanauliza ni nani huyo mzee mwenye kipaji, watu wanaelekeza kwa kidole jukwaani, makofi yanapigwa. Muthama anakaa pale pale safu ya pili. Neno moja lingetosha kumtoa mwanawe nyuma ya lile pazia, na kila Jumapili analo mdomoni, na kila Jumapili analimeza, kwa sababu akilitoa hatakuwa tena fundi Muthama, atakuwa yule aliyemfanyia kiziwi vile.

Jumapili iliyopita ibada ilipoisha Owiti alishuka jukwaani, akamshika Muthama mkono kama afanyavyo siku zote, akamshukuru kwa shingo. Walikuwa wamesimama karibu na pazia, na nyuma yake Mumo alisikika akikunja waya.

"Lakini Baba Mumo," Owiti akasema, na kanisa lote likasikia, "mbona siku hizi kijana simwoni? Ama ameacha muziki?"

Nyuma ya pazia waya uliacha kukunjwa. Muthama alimtazama mzee, akalitazama pazia, watu wakasubiri.

"Ameacha, Mzee," akasema.