Baiskeli Iliyolala Nje

Pigo la kwanza nilidhani ni mtu anabisha hodi. La pili lilitoka mahali ambapo mtu hawezi kusimama: chini, ubavuni mwa boti, upande wa gati, karibu kabisa na goti langu. Mama mkwe wangu aliacha kushona kifungo akanitazama. Pigo la tatu likaangusha magamba ya rangi kavu juu ya benchi.

"Nini hicho?" aliuliza.

Nilijua hata kabla sijajibu. Muda mfupi nyuma wimbi kubwa lilikuwa limeparamia gati likamwagika kwenye sitaha yetu, na wimbi kama lile halirudi mikono mitupu.

"Baiskeli, mama."

Wakati huo tulikuwa tunaishi botini, mimi na mume wangu, ndoa yetu bado changa. Yeye ni seremala wa boti. Ile boti ya tanga aliikuta imelala kwenye matope, ya mbao, kuukuu, imekatiwa tamaa, akaapa kwamba ataifanya nyumba. Na kweli ilikuwa nyumba, kwa mtu anayejua kujikunja. Ngazi ilikuwa kabati, meza ilikuwa mlango wa choo, na kitanda chetu mchana kilikuwa benchi. Mimi nilikuwa natengeneza meno bandia kwa daktari mmoja mjini, kazi ya kuinama juu ya vitu vidogo kutwa nzima, kwa hiyo ufinyu haukunitisha.

Kisha baba mkwe akafariki, na mama akaja kukaa nasi, na begi moja na baiskeli.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu. Alikuwa msoma mita za maji; maisha yake yote ya kazi alizunguka mitaa juu ya chuma kile cheusi, watoto wakimwita Bwana Maji. Mama tulimwingiza botini kwa kumshika mkono. Baiskeli ilikataa. Tuliijaribu kwa ubavu, tukaijaribu kwa kuvua usukani, mume wangu akaijaribu kwa matusi. Sitahani nako ilizuia kamba za tanga. Mwisho ikabaki gatini, imeegemezwa kwenye nguzo, chini ya turubai.

"Mume wangu hakuilaza nje hata siku moja," alisema mama. "Leo inalala nje kama mbwa."

Alikuwa anasema na mwanawe, lakini macho yalikuwa kwangu. Kila asubuhi alipanda gatini na kitambaa na mafuta ya cherehani, akafuta chumvi, na chumvi ikarudi kabla chai yake haijapoa. Kila doa la kutu, kwake, lilikuwa kosa langu. Ningekuwa mwanamke wa kutaka nyumba, mwanawe angejenga nyumba. Niliwahi kujitolea kumtengenezea meno mawili ya mbele yaliyokuwa yamemtoka, akasema, "Nitafune kwa meno ya mkwe? Siku tukikorofishana utayadai." Mume wangu alicheka, nami nikacheka, ila ya moyoni nikabaki nayo.

Mwishowe, kwa hofu ya wezi, alitafuta mnyororo mnene na kufuli, akaisogeza baiskeli na kuifunga kwenye pete ya chuma iliyojengewa ukingoni mwa gati, mbele ya mlango wetu. Mume wangu alimwambia pale ni karibu mno na maji.

"Ni karibu na mimi," alijibu. "Nikitoa kichwa niione." Ufunguo akautundika shingoni.

Sasa tulipanda juu, tukishikana na upepo. Tangu asubuhi ulikuwa unavuma kutoka baharini, ukitubana kwenye ukuta wa gati. Baiskeli ilikuwa imetumbukia katikati ya ukuta na boti, inaning'inia kwa mnyororo wake, chini ya matairi yaliyotundikwa kukinga ubavu. Maji yalipoivuta boti, ilijitenga na ukuta kiasi cha kupitisha bega. Iliporudi, pedali ilichoma mbao.

Injini ilikuwa vipandevipande chini ya gunia. Mume wangu alikuwa anaitengeneza. Boti za jirani hazikuwa na mtu. Nilimpigia simu mume wangu. Alikuwa karakanani ng'ambo ya daraja, na daraja lilikuwa limefungwa kwa sababu ya upepo.

"Fungueni kufuli, iacheni izame," alisema. Kisha simu ikakatika.

Mama alipiga magoti, akauvua ufunguo, akauingiza. Chumvi ilikuwa imetutangulia. Ufunguo uligeuka nusu, ukavunjika. Akabaki ameshika kipande, anakitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Nilikimbia chini nikaleta msumeno wa chuma, nikalala kifudifudi ukingoni, nikaushambulia mnyororo. Msumeno uliteleza tu. Haukuacha hata alama. Kutoka ndani ya boti tukasikia sauti mpya, si pigo tena, bali mpasuko, kama mtu anayechana shuka pole pole.

"Mnyororo haukatiki, mama," nilisema.

Sikumalizia. Mnyororo ulikuwa umezungushwa kwenye bomba la juu la fremu, lile refu linalokwenda kutoka kitini hadi kwenye usukani, na bomba lile lilikuwa chuma chepesi. Yeye pia aliliona. Nilishika msumeno nikasubiri. Mawimbi mawili yalipita, na mara zote mbili boti ililia.

"Kata baiskeli," alisema.

Kulifikia lile bomba ilibidi mikono yangu iingie ndani ya ule mwanya, na mwanya ulikuwa unafunguka na kujifunga kama kinywa. Mama hakuniuliza kama naogopa. Alikaa juu ya miguu yangu kwa uzito wake wote, uso wake ukielekea baharini.

"Wewe tazama chuma, mimi natazama maji. Nikisema tia, tia. Nikisema toa, usiulize."

Mikono hiyo ndiyo riziki yangu. Kwa miezi mingi sauti hiyo hiyo ilikuwa imenikosoa chumvi ya mchuzi, urefu wa gauni na saa ya kuamka, na sikukumbuka siku iliyonitakia jema. Sasa nikaikabidhi vidole vyangu vyote.

"Tia."

Nilikata. Vumbi la chuma likachanganyika na povu.

"Toa."

Nilitoa. Boti ikaja ikagonga pale pale mikono yangu ilipokuwa, matairi yakakoroma.

"Tia."

Tulikwenda hivyo, na baada ya muda nikaacha kuisikia kama sauti ya mtu. Ilikuwa kama pumzi yangu mwenyewe. Hakupandisha sauti. Hakukosea. Rangi nyeusi ilibanduka, chini yake chuma kikang'aa kama kipya, na bomba likabaki kushikiliwa na kipande chembamba kama ukucha.

"Toa."

Ilibaki kidogo mno. Nikaongeza msukumo mmoja.

Sikumwona alivyofanya. Nilihisi nimenyakuliwa kwa mkanda wa suruali, tumbo langu likakwaruza mawe, na msumeno ukabaki kule ukisagwa. Tulikuwa tumelala chali sote wawili. Kidole changu kidogo kilikuwa kimepata sehemu yake, ukucha umekwenda, damu inachuruzika.

"Mkono?" aliuliza, akihema.

"Upo."

"Nilisema usiulize."

"Sikuuliza, mama. Nilichelewa."

Alitaka kunijibu, nikaona. Lakini boti iliondoka tena ukutani, na safari hii baiskeli ilijipinda kwa uzito wake yenyewe. Bomba likaachia. Mnyororo ulichomoka ukagonga ukuta, na chuma cheusi kikateremka, gurudumu la nyuma likizunguka polepole, hadi maji ya matope yakakifunika.

Mama alichungulia ukingoni.

"Haya," alisema. "Bwana Maji akapime na hayo."

Wenye kusafiri husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nasi tukarejea huko chini, tumboni mwa boti, maji yakiwa vifundoni. Niliuziba ufa kwa magodoro na mbao kadhaa za kitanda. Mama alipampu, akipumzika kwa kuegemea ngazi, akikataa kunipa zamu kwa sababu ya kidole, ambacho alikuwa amekifunga kwa kipande cha shati alilokuwa akilishona. Jua lilipokuwa linazama, upepo ulikuwa umelegea na pampu ilikuwa inatoa hewa zaidi ya maji.

Mume wangu alifika akikimbia, ameloa hadi shingoni; hakusubiri daraja lifunguliwe. Alisimama mlangoni, akaona ufa umezibwa, akashusha pumzi. Kisha akageuka akaiangalia pete na mnyororo uliokuwa unaning'inia.

"Baiskeli ya baba iko wapi?"

"Mkeo amepondeka kidole," mama alisema bila kuinua uso, "nawe unauliza baiskeli. Njoo uchemshe maji."

Alishuka, akawasha jiko. Mama alijisogeza kwenye benchi iliyoloa, akapapasa mahali palipobaki kando yake, nami nikakaa.