Likizo ya Mzee Koki

Kozi ilianza Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, kwenye ukumbi wa mikutano wa shirika la maji. Wafanyakazi walikuwa kumi na wanane na kalamu zilikuwa kumi na saba, kwa hiyo Mama Muhuri akatoa ya kwake mkobani. Alikuwa karani wa kupokea maombi ya wateja, na jina hilo alilipata kwa kugonga mihuri kwa nguvu za kutikisa vioo vya dirisha. Mumewe, Mzee Koki, hakuitwa kwenye kozi. Alikuwa chini, kwenye chumba chake mwisho wa korido, anafanya kazi. Alikuwa amefariki miezi minane iliyopita.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu yake, saa moja na nusu, alisaini kitabu cha mahudhurio kama kawaida. Mlinzi alimfungulia geti kwa kuwa kitambulisho chake kilikuwa hakijaisha muda. Ofisa utumishi alikuwa ameshamfuta kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini nani angemfukuza? Ni yeye peke yake aliyejua koki za mji zimefukiwa wapi, na ramani za zamani ziliozea stoo. Mfagizi alilalamika kidogo juu ya udongo uliobaki chini ya kiti chake kila jioni, kisha akazoea.

Kila jioni saa kumi na moja Mzee Koki alifunga mlango na kurudi makaburini. Mama Muhuri alimsindikiza kila siku mpaka njia panda. Pale yeye alikata kulia kwenda nyumbani, mumewe kushoto.

"Pita basi nyumbani, hata ukae kidogo tu."

"Nikipata likizo, Mama. Nikipata likizo tu."

Wimbo huo ulikuwa wa siku nyingi. Bomba la jikoni kwao lilikuwa linavuja mwaka wa kumi na moja, tone kwa tone ndani ya ndoo, na fundi wa koki za mji mzima akilala chumba cha pili. Kinyozi hajinyoi. Kifua kilipoanza kumbana, aliomba likizo ya kwenda hospitali. Aliomba mara tatu, na mara tatu mkurugenzi akaandika pembeni kwa wino wa kijani: Haiwezekani, hakuna wa kushika nafasi. Fomu zote tatu zimo kwenye faili lake, zimetobolewa vizuri na kufungwa kwa kamba. Alianguka mezani saa tano asubuhi. Mama Muhuri alikuwa ghorofa ya juu anagonga mihuri, hakusikia kitu, na hilo mpaka leo hajajisamehe.

Mwalimu wa kozi alikuwa dada mwembamba mwenye mafua.

"Tunachora shirika," alisema. "Nyumba ina msingi kabla ya ukuta, na shirika ni hivyo hivyo. Kwanza tujue shirika linaweza kufanya nini. Nimesema 'nini', sijasema 'nani'. Halafu tufuate kazi inakopita, tangu mteja anapoingia mlangoni mpaka maji yanapotoka bombani kwake. Kwenye kisanduku msiandike jina la mtu. Watu huhama, huugua, hustaafu."

"Hufa," akasema msoma mita.

"Hufa pia," mwalimu akakubali, akapenga kamasi.

Akamtaka kila mmoja aandike kwenye karatasi ya njano: kazi ikikwama mikononi mwako, unaipeleka wapi? Karatasi zikabandikwa ukutani. Zote kumi na nane ziliandikwa, Muulize Mzee Koki, pamoja na ya mkurugenzi. Mwalimu akadhani hawakumwelewa, akalirudia swali polepole. Wakaandika tena yale yale, safari hii kwa herufi kubwa.

"Huyu mzee anastaafu lini?"

"Alishakufa," wakamjibu.

Mwalimu akaliandika hilo kwenye daftari lake. "Basi hapa hamna msingi," alisema. "Mna mzee."

Wakati wa chai Mama Muhuri alimfuata dirishani. "Mwanangu, kisanduku kikipata mtu mwingine, aliyekuwemo anatoka?"

"Kisanduku hakijali jina, mama. Andikeni anayoyajua, apatikane wa kuyashika. Yeye atakuwa huru."

Neno hilo, huru, Mama Muhuri alitembea nalo siku nzima.

Kuanzia kesho yake, kila saa ya chakula, alishuka na daftari la mistari na kuketi mbele ya mumewe.

"Koki ya nyuma ya shule?"

"Hatua tisa kutoka pembe ya ukuta, chini ya jiwe bapa. Inafungwa kinyume, wasije wakaivunja."

"Ya sokoni?"

"Zipo mbili. Ile ya pili usiwaambie wenye mabucha, watajiunganishia."

Alicheka kidogo, na udongo ukamdondoka begani. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hawakuwahi kuzungumza kwa urefu namna ile. Nyumbani mzee alikuwa akifika amechoka, anakula, analala. Sasa Mama Muhuri alijua kwamba mumewe alipanda mnara wa tangi la maji mara moja ili tu autazame mji, na kwamba alikitafuta kwa macho kibaraza chao mpaka akakiona. Ikafika mahali akawa anauliza koki alizokwisha kuziandika. Mzee Koki alijibu tena, neno kwa neno, kama kwamba hajui.

Koki zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Wiki ya saba ziliisha, upende usipende. Mama Muhuri akachukua fomu ya likizo, mumewe akaijaza kwa mwandiko wake ule ule wa kulalia upande, na kwenye mstari wa atakayeshika nafasi Mama Muhuri akaandika jina lake mwenyewe.

Mkurugenzi aliisoma yote. "Sasa hii imekamilika," alisema, akaandika kwa kijani: Imekubaliwa. Siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. "Umeona faida ya kozi, mama?"

"Nimeiona, mkurugenzi. Nami naomba siku moja tu katika hizo. Niwe nyumbani naye."

"Na nafasi yake ataishika nani?"

"Si kuna daftari? Yeyote anaweza kulisoma."

"Mwandiko wako nani anauweza, mama?" Alisema kwa upole, hakuwa mtu wa kufoka. "Kiti kikibaki wazi hata nusu saa, likizo yenyewe itabidi niifute."

Jumatatu saa sita mchana, Mama Muhuri akiwa kwenye kiti cha mumewe, jirani yake alikuja mpaka ofisini, ana haraka.

"Shoga, mzee yuko kwako. Amekaa kizingitini, anauliza unarudi saa ngapi."

"Mwambie saa kumi na moja natoka."

"Nimemwambia. Anasema na yeye saa kumi na moja lazima aondoke."

Simu ikalia. Bomba kubwa lilipasuka karibu na hospitali, na ilibidi mtu awaambie mafundi pa kufunga. Mama Muhuri akafungua daftari.

Jioni alikimbia na kiatu kikamkatikia njiani. Kutoka nyumbani kwenda makaburini kuna njia ya mkato isiyopita njia panda. Alikuta udongo kidogo kizingitini na kikombe kimeoshwa. Jumanne ikawa hivyo, Jumatano ikawa hivyo. Alhamisi alikiinua kitako chake kwenye kiti, akafika mlangoni, akamkumbuka mumewe kule akiwa amepumzika, hakuna anayemwita, hana simu ya kupokea. Akarudi kuketi, likizo isije ikafutwa.

Ijumaa alipofungua mlango kulikuwa na kimya asichokijua. Akakaa kwanza, akasikiliza. Bomba la jikoni halikuwa likivuja. Ndoo ilikuwa imefutwa maji na kufunikwa chini juu, na mezani, juu ya kipande cha gazeti, kulikuwa na mpira mdogo wa koki uliolika. Mama Muhuri aliushika kiganjani, akalia kwa sauti, na jirani akaja kusimama naye mpaka giza lilipoingia.

Jumatatu Mzee Koki hakuonekana kazini. Mama Muhuri alikuwa amemwacha aende, na yeye alikuwa ameenda. Ofisa utumishi akamwandikia barua ya onyo kwa utoro, akaiweka kwenye faili juu ya zile fomu tatu. Mchoro wa mwalimu ukatundikwa mapokezi ndani ya fremu ya kioo, visanduku vyote vimejaa, na wageni waliusifu. Mfagizi alishukuru kwamba chumba cha mwisho wa korido sasa hakina udongo.

Mama Muhuri alisaini saa moja na nusu, akatoka saa kumi na moja. Alipofika nyumbani alilegeza bomba la jikoni kidogo tu, likaanza kudondosha, akairudisha ndoo mahali pake.